Nani Atamdhamini Onesimo?

Somo: Filemoni 8–21

Ukitaka kujua nani anakuamini kweli, omba mkopo kwa Sacco. Kwa maombi wote wako pamoja nawe, lakini fomu ya wadhamini ikitolewa, simu hazishikwi. Na tunaelewa: mkopaji akitoroka, mdhamini ndiye anakatwa.

Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni. Walitengana, na inaonekana alimwachia bwana wake hasara. Kisha akakutana na Paulo gerezani, akaokoka. Sasa anarudi kwa mtu aliyemkosea, na sheria ya Rumi ilimruhusu bwana kumwadhibu mtumwa wake vikali. Mkononi kuna barua ya aya 25. Paulo anafanya mambo matatu.

1. Halifichi deni (18). Hamwambii Filemoni, "Hayo yamepita, sahau." Neema haikatai kwamba kuna mtu aliumia.

2. Anaweka sahihi (18–19). Kama kuna deni, lihesabiwe kwake, na anaandika kwa mkono wake mwenyewe. Huyu ni mfungwa! Alijifunza wapi? Msalabani. Waebrania 7:22 inamwita Yesu mdhamini. Wewe na mimi tulishindwa kulipa, akakatwa Yeye.

3. Anampa nafasi mpya (16–17). Apokewe kama ndugu, tena kama Paulo mwenyewe. Na barua haikuwa ya Filemoni peke yake. Aya ya 2 inalitaja kanisa lililokutana nyumbani kwake. Kumpokea Onesimo ilikuwa kazi ya ushirika wote.

Niungame jambo. Kijana mmoja alitoka jela akaja ibadani. Siku hiyo nilisaidia kupitisha kikapu cha sadaka. Nilipofika safu yake, nilikishika mwenyewe, nikakivusha mbele yake. Kwa wengine wote nilikuwa nakiachilia. Hakuna aliyeona, ila yeye. Alikuja Jumapili moja zaidi, basi. Nimemtafuta, nikamwomba msamaha. Alinisamehe, lakini hajarudi.

Nilikuwa nimemkaribisha kwa mdomo, nikamnyima sahihi yangu. Wapendwa, "karibu sana" ya mlangoni haigharimu kitu. Kudhamini ni kukaa naye kiti kimoja, kumwalika chai nyumbani, kumtafutia kibarua, na kumsindikiza kwa yule aliyemkosea ili wayamalize. Unaweza kupata hasara, ndiyo. Paulo alijua hivyo alipoandika.

Wakolosai 4:9 inamtaja Onesimo kama ndugu mwaminifu, mpendwa, na mmoja wao. Mtu alimwekea sahihi.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
a) Ni nani aliyekudhamini wewe ulipokuwa huaminiki?
b) Katika kanisa letu, ni nani tunamsalimia lakini hatumwamini? Tutafanya nini wiki hii?

Ombi: Bwana Yesu, ulilipa deni langu. Nipe ujasiri wa kusimama na ndugu yangu hata kama itanigharimu. Amina.