Daktari Kasema Nini?

Mama alirudi kutoka kliniki na bahasha tatu za kaki, akaziweka mezani, akaomba maji. Nikamuuliza, "Daktari kasema nini?" Akajibu, "Kasema niendelee na dawa." Zipi, hadi lini, na ile mpya ni ya nini, hakufafanua. Siku ya nne nikafungua bahasha ya antibayotiki ya kifua. Ilikuwa na vidonge 21, vimebaki 18. Juu yake pameandikwa 1x3. Mama alikuwa ameelewa kidonge kimoja kwa siku, siku tatu. Akameza vitatu, akaona kazi imekwisha.

Ni rahisi kusema huo ni uzee. Lakini mwaka 2003 mwanasaikolojia wa Uholanzi, Roy Kessels, alipitia tafiti kuhusu jambo hili, akaeleza kwamba asilimia 40 hadi 80 ya maelezo anayopewa mgonjwa husahaulika papo hapo, na karibu nusu ya yanayokumbukwa hukumbukwa sivyo. Kijana naye husahau. Mzee ana ya ziada: masikio yamepungua, macho yanahitaji miwani, na moyo unamwenda mbio akisubiri kuambiwa presha imefika ngapi. Basi tuache kumdai akumbuke yote. Tumpunguzie mzigo kwa kuugawa: mwingine ubebwe na karatasi, mwingine na watu wa nyumbani, mwingine na mazoea yake ya kila siku.

Usiku wa kuamkia kliniki

Kaeni pamoja mwandike maswali matatu, si kumi. La kwanza liwe lile linalomnyima usingizi, maana muda wa daktari ni mfupi na foleni ni ndefu. Kisha tia dawa zote kwenye kikapu: za hospitali, za duka, alizoacha kumeza, hata mitishamba aliyoletewa na jirani. Wazee wengi huficha mitishamba wakiogopa kufokewa, ilhali baadhi yake hugongana na dawa za hospitali. Miwani na daftari la kliniki viingie humo humo, asubuhi msihangaike kuvitafuta.

Muulize pia kama anataka uingie naye. Yapo mambo mama hawezi kuyasema mbele ya mwanawe wa kiume. Akitaka aanze peke yake, subiri nje hadi uitwe.

Mbele ya daktari

Keti pembeni yake, mwache yeye aanze kusema. Daktari akikugeukia wewe na kumwacha mzee kama mzigo uliouleta, jibu kwa adabu, "Mama mwenyewe atakueleza, daktari." Kazi yako ni kuandika: ugonjwa unaitwaje, dawa gani imeongezwa, ipi imeondolewa, dalili gani ikitokea mrudi haraka, na tarehe ya kurudi. Ukitaka kurekodi kwa simu, omba ruhusa kwanza.

Kuna tabia moja ya wazee wetu ambayo huwachanganya madaktari. Mzee huitikia "ndiyo, daktari" kwa kila sentensi. Hiyo ni heshima, si dalili kwamba ameelewa. Ndiyo maana swali la "Umeelewa, bibi?" halina faida, jibu lake ni lile lile siku zote. Kabla ya kuinuka, mzee aseme hivi: "Naomba nirudie nilivyoelewa, unisahihishe." Arudie kwa maneno yake mwenyewe. Palipopotoka pataonekana hapo hapo, daktari akiwa bado yupo.

Kwenye dirisha la dawa

Msiondoke dirishani kabla hamjaisoma kila bahasha kwa sauti. Kwa kawaida namba ya kwanza ni idadi ya vidonge na ya pili ni mara ngapi kwa siku. 1x3 ni kidonge kimoja, kutwa mara tatu. 2x1 ni vidonge viwili kwa mpigo, mara moja kwa siku. Uliza pia ni kwa siku ngapi, na kama ni kabla au baada ya kula.

Jihadharini na saa. Mfamasia akisema "kila baada ya saa nane", mzee anaweza kusikia "saa nane", akameza kidonge kimoja baada ya chakula cha mchana na kungoja kesho. Mwombe azitaje saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Na pakiandikwa 8:00 kwa mtindo wa Kizungu, andikeni pembeni kwamba ni saa mbili.

Angalieni na rangi. Mwezi huu dawa ya presha ni nyeupe, mwezi ujao ileile inatoka kiwanda kingine ikiwa ya njano. Mzee asiyeambiwa hudhani ni dawa mbili, akazimeza zote.

Nyumbani

Andika karatasi moja tu, kwa herufi kubwa, uibandike anapoiona. Asiyesoma mchoree: jua linalochomoza, sahani ya chakula, mwezi. Kisha funga kila dawa kwenye jambo ambalo hasahau kamwe: chai ya asubuhi, swala ya isha, taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Anayefunga Ramadhani amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, asijipangie mwenyewe kati ya futari na daku. Na dozi ikipita, asimeze mbili kufidia, muulizeni mfamasia.

Jioni ile ile mwombe awasimulie wajukuu daktari alivyosema, au amtumie mwanawe aliye mbali ujumbe wa sauti. Jambo lililosimuliwa hukaa kichwani kuliko lililosikilizwa tu. Baada ya siku tatu muulize tena, mkiwa mnachambua mchele, isiwe kama mtihani. Hapo ndipo utasikia neno la hatari kuliko yote: "Nimepona, nimeacha." Dawa za presha na kisukari hudhibiti ugonjwa, haziung'oi. Kujisikia vizuri mara nyingi ni ishara kwamba dawa inafanya kazi. Kama zinamletea udhia, miguu kuvimba au tumbo kuchafuka, jambo hilo liandikeni liwe swali la kwanza kliniki ijayo. Likizidi, msingoje tarehe.

Mara ya mwisho nilimsindikiza mama nikiwa nimeshika kikapu tu. Dirishani alivaa miwani, akainua bahasha, akauliza kwa sauti, "Mwanangu, hii moja mara tatu ni kwa siku, siyo? Na ni siku ngapi?" Akajibiwa, akarudia, akaondoka. Mzee aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akatoa bahasha yake ya zamani mfukoni, akaisogeza karibu na macho, akaanza kuisoma upya.