Jinsi ya Kufufua Kisu cha Zamani cha Kijerumani

Kwenye meza za vitu vya mitumba hapa Buseresere na kwa jirani zetu wa Katoro, mara mojamoja hutokea kisu cha kukunja cha wawindaji wa Ujerumani: mpini wa pembe ya kulungu wa Ulaya, ubapa mkuu, msumeno, kizibuo, na ubapa wa kupasulia tumbo la mnyama wenye ncha butu ili usitoboe utumbo. Ninacho kimoja. Ndicho ninachochunia mbuzi na kumenyea mananasi yetu ya Geita. Nakitunza hivi.

1. Kikague kabla ya kulipa

Fungua kila kifaa taratibu. Tazama shina la ubapa, karibu na mpini. Hapo ndipo penye chapa. Ukisoma "Solingen", huo ni mji wa wafua visu magharibi mwa Ujerumani, na jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1938. Ukikuta "W. Germany", kilitengenezwa kabla Ujerumani mbili hazijaungana mwaka 1990. Kutu isikutishe, inatoka. Springi iliyovunjika ndiyo ya kuogopa, maana kupata ya kubadilisha ni kazi ngumu.

2. Toa kutu bila papara

Dondoshea mafuta ya taa kwenye maungio, ukiache kilale hadi asubuhi. Sugua meno ya msumeno na pembe za ndani kwa mswaki mkuukuu, kisha bapa kwa stilwaya laini. Chapa usiiguse, ikifutika, umefuta historia ya kisu.

Huku kwetu kwenye dhahabu, tindikali haiko mbali, na wapo watakaokushauri uitumie. Kataa. Tindikali ya kusafishia dhahabu hula chuma chenyewe, na mvuke wake unaunguza mapafu.

3. Noa kwa mkono

Usikipeleke kwa fundi wa grainda. Chuma cha kisu hupewa ugumu wake kwa moto uliopimwa. Grainda ikikichemsha hadi kikageuka buluu, joto limekaribia nyuzi 300, na sehemu hiyo imelainika. Kitakata leo, kesho butu.

Bandika msasa wa maji juu ya kipande cha kioo: anza na namba 400, halafu 1000. Uloweshe. Simamisha ubapa wima, ulaze hadi nusu, kisha nusu tena. Hiyo ni kama nyuzi 22, inatosha. Vuta upande mmoja mpaka uhisi kijinyuzi cha chuma upande wa pili, ndipo ugeuze. Malizia kwa kuupitisha mgongo ukiwa mbele, kwenye mkanda wa ngozi.

4. Kausha, paka mafuta

Damu na maji ya nanasi huchafua chuma haraka. Futa papo hapo. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ungio latosha. Mpini wa pembe usiuloweke majini, utapasuka.

Jambo moja la sheria: kuwa na kisu cha uwindaji si kuwa na kibali cha kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni, na wilaya yetu inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mbuzi, samaki na magunia ya mpunga vinakipa kisu hiki kazi ya kutosha. Ukikipata, ndugu yangu, kinunue, kisha weka grainda mbali nacho.