Soko la Mkunazini na Njia ya Pangani

Mtu wa Vugiri akisimama ukingoni mwa mlima siku isiyo na ukungu, huiona nyika ya Korogwe na bonde la mto Ruvu uendao Pangani. Ndiyo njia waliyopitishwa wengi wa watu wetu kupelekwa kuuzwa Unguja. Leo twataka kuwafuata.

Mji wa Unguja siku zile ulikuwa mkubwa kupita miji yote ya pwani yetu. Katika miaka ya 1860 watumwa waliopita forodhani mwake walikadiriwa kuwa 20,000 kwa mwaka. Kule Mkunazini walipangwa mistari, wanunuzi wakawafunua vinywa wayatazame meno, wakawaamuru kutembea wajue kama wana kilema. Na kwa kuwa ushuru ulitozwa kwa kila kichwa, mgonjwa asiyetazamiwa kupona aliweza kutupwa baharini kabla chombo hakijafika, ili bwana wake asimlipie maiti. Msomaji asipite hapo upesi.

Mwaka 1869 kipindupindu kilifuata misafara kutoka bara hata Pangani, kikavuka bahari. Maelfu walikufa kisiwani. Hata hivyo majahazi ya watumwa hayakukoma kuja. Soko lilifungwa mwezi wa Juni 1873, Seyyid Barghash alipotia sahihi mkataba kwa kuogopa manowari za Waingereza. Siku ya Krismasi mwaka uo huo misheni ikaweka pale jiwe la msingi la kanisa.

Basi ni nani aliyewashusha watu milimani? Wengi husema, Waarabu. Wala si uongo, lakini ni nusu ya habari. Kimweri ye Nyumbai alipokufa mwaka 1862, jamaa zake walipigana, na Semboja wa Mazinde akauza watu apate bunduki na baruti. Mshambaa alimwuza Mshambaa. Mtu aliweza kukamatwa njiani, au kutolewa na ndugu zake kwa ajili ya deni.

Wala kufungwa kwa soko hakukuikomesha biashara. Tufani ya tarehe 15 Aprili 1872 ilikuwa imeing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, bali ile ya Pemba ilisalia, na wenye mashamba huko wakataka mikono. Watu wakatembezwa kwa miguu pwani, wakavushwa kwa siri mpaka Pemba. Hata mwaka 1876 Sultani akaikataza njia hiyo ya nchi kavu. Utumwa wenyewe ulidumu kisheria visiwani hata mwaka 1897.