NANI KAKUPIKIA HOFU?

Kijana mpendwa, karatasi hii imekufikia mkononi. Usiitupe. Isome hadi mwisho, kisha upime mwenyewe.

Ni Jumamosi usiku hapa Runzewe. Umelipa kiingilio, umebanana na wenzako kwenye benchi la kibanda umiza. Picha ni ya kutisha. Labda ni Nsyuka au Shumileta, zile za Mussa Banzi za miaka ya 2000. Unacheka, lakini wakati wa kurudi nyumbani unatafuta mtu wa kufuatana naye. Si kweli?

Leo nakupa somo la jikoni. Siku mkikutana nyumbani kuangalia picha hizo, andaeni na chakula cha kutisha. Wenzetu wa Marekani na Uingereza hufanya hivyo kila tarehe 31 Oktoba, siku waitayo Halloween. Sisi tutumie vitu vya sokoni kwetu.

KWANZA, DAMU. Chemsha kikombe 1 cha choya kavu katika maji lita 1 kwa dakika 10, pamoja na tangawizi iliyopondwa. Chuja, tia sukari, acha ipoe. Mimina kwenye glasi. Nyekundu hiyo!

PILI, MINYOO. Chemsha tambi, zichuje, kisha zigeuze kwenye rosti ya nyanya na kitunguu. Pakua bakulini, zima taa, mwambie mgeni aliyenawa aingize mkono.

TATU, MACHO. Chemsha mayai dakika 10, menya, kata katikati. Juu ya kiini weka kipande kidogo cha hoho. Hiyo ndiyo mboni. Kwa kijiti, chora mishipa kwa tomato sosi.

Sasa sikia. Mgeni atashtuka. Je, wewe uliyepika utashtuka? Hata kidogo! Unajua damu ni choya. Aliyeingia jikoni haogopi kilichopikwa. Na kwenye picha ni vivyo hivyo: zimwi lile ni mtu kapakwa rangi.

LAKINI IPO HOFU INAYOUA.

Huku kwetu Usukumani akina bibi wameuawa kwa mapanga, eti ni wachawi, kwa kuwa macho yao ni mekundu. Kijana, ingia jikoni kwa bibi! Tazama mafiga, kuni mbichi, samadi kavu ya ng'ombe, chumba kisicho na dirisha. Miaka 50 anapuliza moto ule. Yai lako limekuwa jekundu kwa nyanya. Macho ya bibi yamekuwa mekundu kwa moshi. Aliyekupikia uji ndiye unayemwogopa?

Tena katika ukanda huu wa dhahabu, ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo, kwa uongo wa waganga kwamba viungo hivyo huleta utajiri machimboni. Ndiyo maana vidole vya bandia, ambavyo wengine huviweka mezani usiku kama huu, mimi sikufundishi. Hapa kwetu huo si utani. Yupo mama anayekesha akimlinda mwanawe. Ngozi ile ni upungufu wa rangi tu, uliorithiwa kwa baba na mama. Mungu aliyekuumba wewe ndiye aliyemuumba yeye.

Mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Lakini je, moyoni mwako umewapiga marufuku? Jiulize: hofu hii nani kaipika? Nani kafaidika? Mpiga ramli kalipwa, bibi kazikwa.

AMUA LEO, mambo 3:

1. Ukiambiwa "fulani mchawi", neno hilo lifie kwako. Usilibebe.

2. Ukinusa njama, wahi kwa mwenyekiti au polisi kabla ya usiku kuingia.

3. Nenda kwa bibi. Mpelekee kuni kavu, mtobolee dirisha jikoni, moshi utoke.

Na usiku wa picha mwalike bibi huyo. Mpe yai la kwanza, mwambie ni jicho. Atacheka, nawe utacheka naye. Hofu itakuwa imekwisha.