Safari Baada ya Upasuaji: Somo Kutoka kwa Elia Chini ya Mretemu

Andiko la kusoma nyumbani: 1 Wafalme 19:1–8



Kanisa letu ni hodari siku ya upasuaji. Tunafunga na kuomba, tunajaza chumba cha kungojea, na mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani tunapiga vigelegele. Baada ya wiki mbili kila mtu amerudi kwenye shifti yake. Lakini kwa mgonjwa, siku ya kutoka hospitali ndipo kazi kubwa inapoanza.

Leo tutaitazama safari hiyo kwa mfano wa saratani ya umio, yaani njia inayopeleka chakula tumboni. Tumeichagua kwa sababu mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi, ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako ugonjwa huu huonekana zaidi. Familia nyingi kati yetu zinaujua.

1. Mungu alimhudumia Elia kwa hatua

Elia alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa mlimani Karmeli. Muda mfupi baadaye tunamkuta jangwani, amelala chini ya mretemu, akiomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumwambia aongeze imani. Alimwamsha, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kisha akarudi mara ya pili, akamlisha tena, kwa kuwa safari iliyokuwa mbele ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Ndipo Elia akatembea siku 40 hadi Horebu.

Tuangalie mpango huo: kula kidogo, kulala, kula tena, kisha kutembea. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunauona kila siku wodini.

2. Mwili unaoanza kujifunza upya

Katika upasuaji huu, daktari huondoa sehemu kubwa ya umio. Kisha mara nyingi hulitengeneza tumbo la chakula liwe kama mrija, na kulivuta hadi kifuani ili liunganishwe na sehemu ya umio iliyobaki. Kwa hiyo mgonjwa harudi nyumbani na mwili ule ule aliokwenda nao.

*Kula.* Hushiba kwa vijiko vichache. Anahitaji milo midogo kama 6 kwa siku, atafune polepole, na asinywe maji mengi pamoja na chakula. Wengine hupewa kwa muda mrija wa kulishia unaoingia kwenye utumbo mwembamba. Si ajabu mtu kupoteza asilimia 10 ya uzito wake au zaidi katika miezi 6 ya kwanza.

*Baada ya kula.* Chakula kikishuka haraka mno, hasa chenye sukari nyingi, mtu hutoka jasho, moyo humwenda mbio, hupata kizunguzungu na kuharisha. Wengine huanza kukiogopa chakula chenyewe.

*Kulala.* Tindikali ya tumboni hupanda kirahisi. Hulazimika kulala kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa, na kula mlo wa mwisho saa 2 au 3 kabla ya kulala.

*Nguvu.* Uchovu hukaa miezi. Wengi huanza kujisikia vizuri zaidi kati ya miezi 6 na 12, na baadhi ya mabadiliko hubaki maisha yote.

3. Mzigo usioonekana

Kwetu, kula pamoja ndiyo undugu. Anayekataa sahani huonekana ama anaringa ama anakata tamaa. Tunamsihi: “Baba, kula basi upate nguvu!” Naye hula kutufurahisha, kisha huteseka chooni peke yake. Wengine huacha kabisa kuja kwenye sherehe.

Kuna pia ushuhuda. Tunapenda mgonjwa asimame atangaze kwamba Mungu amemponya kabisa. Akishalitangaza hilo mbele ya watu, atamwambia nani kwamba bado anatapika usiku, au kwamba kila kipimo cha marudio humnyima usingizi? Huona aibu, hunyamaza, na dalili ya hatari huchelewa kufika kwa daktari. Kumshukuru Mungu kwa hatua moja ni ushuhuda kamili. Tusimlazimishe aliye njiani aseme amefika.

4. Tufanye nini?

- *Chakula.* Tupunguze sufuria kubwa. Tupeleke vibakuli vidogo: uji laini, mtindi, mayai, samaki bila miiba, viazi vilivyopondwa. Mkate laini na nyama ngumu hukwama. Tumwulize kwanza ameruhusiwa nini. Hata kwenye Meza ya Bwana, kipande kidogo sana kinatosha.
- *Muda.* Tupange zamu hadi mwezi wa sita, si wiki mbili za kwanza tu.
- *Mkalimani.* Hapa Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo. Tuombe huduma hiyo. Mtoto wa miaka 12 asibebeshwe habari za saratani ya mama yake.
- *Kazi.* Sheria ya shirikisho inampa anayestahili likizo isiyolipwa ya hadi wiki 12 kwa mwaka, awe mgonjwa mwenyewe au anamuuguza mwenzi, mzazi au mtoto. Anatakiwa awe ameajiriwa angalau miezi 12 na kufanya saa 1,250 katika mwaka uliotangulia, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi. Haitoi mshahara, kwa hiyo kodi ya nyumba na pesa za nyumbani Afrika ni mambo ya kanisa kuuliza kwa upole.

Dalili za kuripoti bila kuchelewa: homa, mshono kutoa usaha, chakula kukwama au kutapika kila mara, choo cheusi, shavu la mguu kuvimba na kuuma. Kwa maumivu ya kifua au kushindwa kupumua, piga 911. Chakula kukwama mara nyingi ni mshono wa ndani uliokaza, na daktari anaweza kuupanua.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini malaika alimrudia Elia mara ya pili?
2. Ni mgonjwa gani tuliyemtembelea mwanzoni tu? Juma hili nani atampigia simu?
3. Tunaweza kumkaribishaje mezani mtu asiyeweza kumaliza sahani?

Tuombe

Baba, tunawakumbuka walio njiani, waliochoka na wanaoogopa. Wape chakula cha leo na usingizi wa leo. Nasi utupe miguu ya kurudi mara ya pili, na ya tatu. Kwa jina la Yesu, Amina.