Mti wa Krismasi na Hesabu ya Hewa ya Ukaa

Katika nchi za kaskazini, Krismasi huangukia majira ya baridi, na familia nyingi hupamba nyumbani mti wa jamii ya msonobari. Je, ni upi wenye madhara machache kwa mazingira: mti halisi uliokatwa, au wa plastiki?

Jibu hutegemea mwisho wa mti. Mti halisi ukifukiwa katika jaa la taka huoza pasipo oksijeni na kutoa methani. Kwa kipindi cha miaka 100, gesi hii hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uo huo. Shirika la Carbon Trust la Uingereza lilikadiria kwamba mti wa mita 2 uliofukiwa hivyo huleta madhara sawa na kilo 16 za hewa ya ukaa. Ukisagwa kuwa matandazo ya bustani, kilo 3.5 tu. Mti wa plastiki, utokanao na mafuta ya petroli, ni kilo 40.

Gawanya 40 kwa 3.5: mti wa plastiki yafaa utumike Krismasi 12 ndipo ulingane na ule uliosagwa. Kwa hiyo, aliye nao asinunue mwingine. Na mwenye mti halisi asiupeleke jaani.