Gari Ipo Vuga, Begi la Mgeni Lipo Wapi?

Kaa pembeni mwa Mnazi Mmoja ya Unguja asubuhi, baina ya saa tatu na saa tano, utazame namna gari za wageni zinavyoegeshwa. Noah nyeupe inasimama. Mlango wa ubavuni unavutwa, wageni wanashuka wakijinyoosha, wametoka uwanja wa ndege na bado wamevaa nguo za baridi za kwao. Dereva anazunguka nyuma, anainua mlango, anachukua begi la kompyuta lililokuwa juu ya kiti, analisukuma chini ya mabegi makubwa, anafunga, anabonyeza rimoti. Anaamini amelificha. Kumbe amelionyesha. Aliyekaa ukutani upande wa pili wa barabara ameona rangi ya begi, ameona limewekwa wapi, na ameona watu watano wanaelekea Mkunazini, matembezi ambayo kwa haraka hayapungui saa mbili.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Nilirudi nikakuta kioo kidogo cha nyuma kimevunjwa, vipande vimetapakaa juu ya kiti kama chumvi ya mawe. Kompyuta imekwenda, kamera imekwenda. Mgeni wangu, mama wa makamo, hakuuliza kompyuta. Aliuliza kifuko cha kitambaa kilichokuwa mfuko wa mbele wa begi lile, ndani yake mna dawa yake ya pumu ya kuvuta. Tulizunguka maduka ya dawa Darajani, yeye pumzi inamkata kwa hofu na jua, mimi nimembebea chupa ya maji na sina la kumwambia. Tuliipata duka la tatu. Tangu siku ile nikikabidhiwa begi nasema moyoni kwamba hii ni amana, na amana hailindwi kwa rimoti.

Mji Mkongwe wenyewe ndio unaotulazimisha kuacha gari. Vichochoro vyake vilijengwa kwa miguu ya watu na punda. Ukishapita Barabara ya Benjamin Mkapa, ile wazee wanayoendelea kuiita Creek Road, pahala pa gari ni pembezoni tu: Malindi karibu na bandari, Forodhani, Vuga, Mnazi Mmoja, au ujibane Darajani penye vurugu za soko. Basi gari inabaki na wewe unazama ndani, na kuta za mawe ya matumbawe ni nene kiasi kwamba hata alamu ikilia hutaisikia.

Kwa hiyo kuficha kunafanyika kabla ya kufika. Ukishawapokea wageni uwanja wa ndege, Kisauni, simama palepale, au kituo cha mafuta njiani, upange vitu upya. Kila mtu achukue mwilini vile asivyoweza kuishi bila yake: pasi, dawa, pesa, simu. Uliza hasa kuhusu dawa, kwa sababu wageni wengi hawataji ugonjwa wao mpaka waulizwe kwa upole. Vingine viingie nyuma, vifunikwe, na mlango ule usifunguliwe tena mpaka hotelini. Ukifika mjini, wageni washuke na waondoke. Wewe usiguse kitu.

Sasa Noah, Alphard na Hiace, gari ambazo ndizo tegemeo letu, zina tatizo ambalo taksi ndogo haina. Hazina buti lililojitenga. Nyuma ni vioo vitupu, na mwenye kuchungulia kwa kukinga mikono usoni anaona mpaka sakafuni, hata vioo vikiwa na rangi. Kitambaa cheusi kilichokatwa kwa kipimo na kutandikwa siku zote, mabegi yapo au hayapo, kinasaidia kidogo. Nasema siku zote kwa makusudi, maana kitambaa kinachotokea siku ya mabegi tu ni tangazo. Lakini kwa gari za namna hii rai yangu ni moja na siibadilishi: mabegi yakiwamo, dereva habanduki. Wageni wapokewe na mtembezaji wa mjini, mwenye kitambulisho chake, awazungushe Mkunazini, Forodhani na Shangani, awarudishe. Utalipa mtu wa pili, najua, na wenye kampuni wanalalamika. Pigia hesabu kioo kimoja, kompyuta moja, na jina lako.

Mwenye gari ndogo yenye buti asijione amesalimika. Gari nyingi za Kijapani zina kishikio sakafuni, ubavuni mwa kiti cha dereva, ukikivuta buti linafunguka. Mwizi akishavunja kioo anajua pa kupeleka mkono. Baadhi ya gari hizo, kishikio hicho kinafungika kwa ufunguo, watu wanamiliki gari miaka kumi hawajajua. Kaangalie kesho. Angalia pia viti vya nyuma kama vinalala, kwani kiti kikilala buti liko wazi kwa aliyemo ndani.

Rimoti nayo. Wapo wanaobeba kifaa kinachoziba mawimbi yake, wewe unabonyeza huku unatembea, gari haikusikia, mlango uko wazi. Taa zikipepesa zitazame, usibonyeze huku umezipa mgongo. Halafu vuta kitasa kwa mkono, milango yote, na ule wa nyuma usiusahau. Ni hatua chache tu kuizunguka gari.

Anayekukatia tiketi ya maegesho ameuza nafasi ya kusimama. Hakuchukua dhamana ya kilichomo ndani. Kijana anayekuja mbio kusema atakuangalizia gari, zungumza naye kwa heshima, mwambie utaonana naye ukirudi, na usimwambie unarudi saa ngapi. Anayefaa kuliko wote ni mzee aliye barazani tangu asubuhi, au muuza kahawa ambaye pahala pake ni palepale kila siku. Usimpite kimya. “Asalaam alaykum mzee wangu, naiacha hii gari hapa.” Basi. Huombi ulinzi, umemjulisha tu ipi ni yako na wewe ni nani, ili akiona mwengine anaigusa ajue kuwa siye. Miaka yote hii wazee wa barazani wamenifaa kuliko alamu.

Zipo nyakati za kujihadhari zaidi. Mwezi wa Ramadhani, adhana ya magharibi ikilia mji unamwagika kwenda kufuturu na barabara inabaki tupu. Sikukuu, Mnazi Mmoja inajaa watoto na vishindo. Februari, wakati wa Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, watu wanatoka usiku wa manane na gari zimelala gizani kuanzia Forodhani mpaka Mizingani. Nyakati hizo gari ibaki tupu kabisa, hata chaja usiiache inaning’inia, maana waya mmoja unamwambia mtu kuwa simu haiko mbali.

Kwa wenye vespa na pikipiki za kukodi: chini ya kiti si sanduku. Kiti kinainuka pembeni kwa kulazimishwa, mkono mwembamba unaingia. Weka humo koti la mvua na helmeti, vingine tembea navyo.

Pwani ni habari nyengine. Paje na Jambiani maji yakipwa yanakwenda mbali, mtu anatembea mpaka gari yake inakuwa nukta. Na ufunguo ameuweka juu ya tairi la mbele. Kila mwenye nia mbaya anaanzia juu ya tairi. Nunua kifuko kisichoingia maji, ufunguo uuvae kiunoni. Ikiwa ni wa umeme na unaogopa maji, uache mapokezi ya hoteli kwa mkono wa mtu unayemjua, usiuache kaunta.

Joto nalo linakula amana. Gari iliyofungwa juani kwa saa moja Unguja inapita nyuzi 50 ndani, na dashibodi inapita hapo. Insulini huharibika, betri za simu na kamera huvimba, kiberiti cha gesi kinaweza kupasuka. Dawa ya mgonjwa isibaki garini hata kama gari inalindwa na askari.

Na askari nimewataja. Visiwani raia mwenye bastola ni nadra, lakini wapo wenye leseni na wapo walinzi wa makampuni, na nimewahi kumsikia mmoja akisema yake huiacha chini ya kiti anapoingia msikitini. Nilimwambia usoni na ninarudia hapa: silaha haiachwi ndani ya gari iliyoegeshwa, si chini ya kiti, si ndani ya dashibodi, si kwa dakika kumi. Kompyuta ikiibwa mtu mmoja amepata hasara. Bastola ikiibwa, hasara inamtafuta mtu mwengine. Leseni imeandikwa jina lako, gari haina leseni. Kama unakwenda usipoweza kuingia nayo, ibaki imefungiwa nyumbani kwenye kasha la chuma lililokazwa ukutani, au ikabidhiwe kituo cha polisi kwa maandishi.

Likitokea la kutokea, usifagie vioo. Piga picha, kisha nenda polisi, Malindi au kituo kilicho karibu, na mgeni mwenyewe awepo. Hati ya polisi ndiyo itakayohitajika ubalozini kwa pasi na kwenye bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anakata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44, basi mkumbushe anayo, asome masharti yake yanasemaje kuhusu vitu vilivyopotea. Laini za simu zizuiwe mara moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo nawaomba wageni wangu wapige picha namba za kamera na kompyuta zao tungali uwanja wa ndege, wakati tunapanga mabegi.

Na jioni ukishawashusha Nungwi, usigeuze gari ukakimbilia Mjini. Washa tochi ya simu, piga magoti, angalia chini ya viti vyote na kwenye mifuko ya nyuma ya viti. Mara nyingi utakuta miwani au pete, na siku moja mimi nilikuta pasi. Nikarudi nayo mapokezi usiku uleule, kwa sababu asubuhi ya pili gari ingekuwa imeegeshwa tena Vuga.